Kiti cha Mbele

Baiskeli ya Orlin Tveitmoe ilikuwa ndefu mno kwa stendi ya Rolf, fundi wa baiskeli, kwa hiyo waliilaza juu ya meza mbili za kukatia mbao ndani ya gereji yake. Mlango ulikuwa wazi, ilikuwa Alhamisi asubuhi ya mwezi wa tano, na redio ilikuwa ikitangaza bei ya mahindi. Ilikuwa baiskeli ya kulalia, ile ambayo mwendeshaji huegemea kiti cha wavu na kutanguliza miguu, tena ilikuwa ya watu wawili. Orlin aliiunda mwenyewe kwa mabomba ya chuma enzi alipokuwa akifundisha ufundi katika sekondari ya mji wetu wa Nordby, kusini mwa Minnesota. Mbele alikaa yeye, na usukani, na breki, na kioo cha kutazamia nyuma. Nyuma alikaa mkewe, Verna, na mfuko wa mikate.

Verna alifariki miaka minne iliyopita, katikati ya baridi, ardhi ikiwa imeganda kiasi kwamba kaburi halikuchimbika. Ikabidi asubiri mpaka theluji iyeyuke ndipo azikwe. Alisubiri bila kulalamika, kama kawaida yake.

Tangu hapo Orlin aliendesha peke yake. Pedeli za nyuma zilikuwa na mnyororo wake zenyewe, hazikuzungushwa na za mbele. Alizitengeneza hivyo ili Verna apumzike atakapo. Sasa zilikuwa zimepumzika kabisa. Na baiskeli ile nzito, iliyokusudiwa miguu minne, ilikuwa ikisukumwa na miwili, mmoja ukiwa na goti lililokufa.

"Tuikate, Mwalimu," alisema Rolf. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa Orlin, na alikuwa na mvi sasa, lakini hakuacha kumwita Mwalimu. "Nakata hapa, nachomelea pale, unatoka na ya mtu mmoja. Nyepesi, utaruka nayo."

Orlin alikitazama kiti cha nyuma. Wavu wake ulikuwa umebonyea palepale alipouacha Verna.

"Hilo nalo ni wazo tofauti," alisema.

Huku kwetu kuliita jambo "tofauti" ni tusi kubwa. Rolf aliurudisha msumeno ukutani.

"Basi nikuwekee mota."

"Hapana, usijisumbue."

"Si usumbufu. Ninayo hapo rafuni."

"Aa, mpe mwenye shida zaidi yangu."

"Nakuwekea, Mwalimu."

"Haya, kama kweli si usumbufu."

Ndivyo tulivyo. Mtu hukataa mara mbili. Mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni kumpima anayetoa, mara ya tatu ndipo jibu lilipo. Anayekubali kahawa mara ya kwanza tunajua ametoka Chicago, nasi tunamsamehe. Lakini anayeuliza mara moja tu akanyamaza, huyo hakuuliza. Amekusalimia tu akipita zake. Mtoto wa Nordby hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mota ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu jipya, ukubwa wa sufuria ndogo. Betri waliifunga nyuma ya kiti cha Verna, pale ulipokaa mfuko wa mikate. Kilichobaki ni kile kiduara chenye sumaku kinachofungwa penye pedeli. Pedeli zikizunguka, mota hujua kuna mtu anajitahidi, ikamsaidia. Zikisimama, nayo husimama. "Haibebi mvivu hii," alisema Rolf, akiuvuta waya kuelekea mbele. Waya uliishia katikati ya bomba. Hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kufikiria baiskeli ndefu namna ile.

"Nimekifunga kwenye pedeli za nyuma kwa sasa," alisema Rolf. "Haitafanya kitu, maana huko hakuna mtu. Nitaagiza waya mrefu. Wewe nenda kaone uzito tu."

Orlin akatoka nayo. Njia yetu ya baiskeli ni ile ile ya reli ya zamani. Treni zilipokoma, vyuma viling'olewa, tukabaki na tuta linalofuata mto mpaka kijiji cha Eide. Alipita ghala la nafaka, akafika penye kile kimwinuko kinachomtesa goti, akauma meno. Baiskeli ikapanda. Ilipanda kwa ulaini, kama inavyopanda mtu akikutia mkono mgongoni.

Akatazama kioo. Verna alikuwa kwenye kiti chake, amevaa koti lake jekundu la upepo, anakanyaga.

"Gia hiyo umeikaza mno," alisema Verna.

"Nitailegeza," alisema Orlin, akailegeza.

Hawakuzungumza tena mpaka Eide. Hawakuwa wasemaji sana hata zamani.

Habari zilienea kufikia mchana. Mchungaji alipunga mkono kutoka kwenye mashine yake ya kukatia nyasi, akafuta jina la Verna katika sala za marehemu, kisha akalirudisha kwa tahadhari. Jirani alileta bakuli la tambi na nyama ya kusaga lililookwa, ambalo huku huletwa kwa msiba na kwa kila jambo lisilojulikana linaitwaje. Karin, binti yao, alipigiwa simu kule Rochester. Akauliza kama mama alikuwa amevaa kofia ya usalama.

"Amevaa," alisema Orlin.

"Haya basi," alisema Karin.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Verna alishika kazi siku ya kwanza, wala hakuna aliyemwambia. Alikuja baiskeli ilipotembea na kubaki mpaka ilipoingia gereji, nyumbani hakuingia. Orlin alizoea kumwachia taa ya gereji ikiwaka.

Wiki haikuisha kabla Rolf hajaja kuangalia betri. Aliichomeka, akatazama taa zake, akaichomoa, akaichomeka tena.

"Imejaa," alisema. "Tangu siku ile haijapungua hata kidogo. Mota haijafanya kazi, Mwalimu, ile sumaku haihisi mtu. Anayesukuma ni Bi Verna."

Orlin alikuwa akifuta mnyororo kwa kitambaa. Aliendelea kuufuta.

"Na zamani?" aliuliza.

Rolf alikuwa mtu wa adabu, akatazama nje kwanza. "Sisi wanafunzi tulikuwa tukiwatania. Tulisema Mwalimu ndiye usukani, Bi Verna ndiye injini. Ni utoto tu."

Waya mrefu ulifika. Rolf aliuning'iniza kwenye msumari gerejini kwake, na upo hapo mpaka leo.

Kule Eide kuna mkahawa wa Marlys, na kila Jumamosi Orlin na Verna walikuwa wakisimama hapo kula pai, tangu Karin akiwa shule ya msingi. Jumamosi iliyofuata walisimama. Verna alishuka, akanyoosha mgongo, akaingia na kukaa upande wake wa meza. Marlys aliweka sahani mbili bila kuuliza.

"Mapazia umeyafua, Marlys," alisema Verna. "Ile kijani imerudi kabisa."

Mapazia ya kijani yaliozeshwa na mafuriko ya mwaka juzi, yakatupwa. Madirishani palikuwa na vibao vyeupe vya plastiki.

"Asante," alisema Marlys. "Yalikuwa yamechafuka sana." Akamimina kahawa. Marlys alikuwa mwanamke asiyeficha neno, na umri ulimpunguzia breki. "Lakini niambie, Verna. Miaka yote hii nawaona mnakuja. Mbona wewe huketi mbele hata siku moja?"

"Aa, nyuma kunatosha."

"Nilimwuliza," alisema Orlin. "Mwaka ule nilipomaliza kuipaka rangi. Nilimwambia, unataka kukaa mbele? Akasema nyuma kunatosha."

"Ukamwuliza tena?"

Orlin alikoroga kahawa yake, ingawa hainywi na sukari. Wakulima wawili waliokaa kaunta waliinamia sahani zao. Mkahawa mzima ulisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Pai imeiva vizuri leo," alisema Verna.

Orlin hakuwa mtu mbaya. Sisi tuliosoma kwake tunasema hivyo na tutasema hivyo siku zote. Alimpenda mkewe. Alimshonea kile kiti kwa mkono, wavu wa kupitisha hewa, akamwekea kishikio cha chupa ya chai. Lakini usiku wa Jumamosi ile alikaa jikoni na kuzipitia safari zao moja baada ya nyingine, na kila alipogusa pakamwuma. Alikumbuka majabali ya chokaa kule kwenye kona, meupe baada ya mvua. Alikumbuka kulungu na mtoto wake wakivuka mto, na ng'ombe wa akina Haugen wamejipanga kivulini wote wakitazama upande mmoja, na korongo wa kijivu penye daraja, ambaye hakuwahi kukosa. Kila mara alisema, "Tazama, Verna!" na kila mara sauti nyuma yake ilisema, "Ndiyo." Hakuwahi kujiuliza ilikuwa ikisema ndiyo baada ya kuona nini. Orlin mwenyewe alikuwa mtu mrefu. Kiti chake kilikuwa kirefu. Juu ya kiti palikuwa na kofia yake ya bluu ya kampuni ya mbegu, ile iliyopeperushwa na upepo ikaenda na mto majira Karin alipoolewa, na Verna akacheka mpaka wakashindwa kukanyaga.

Majuto ni mjukuu, na wa Orlin alikuwa amekuja na mizigo yake yote.

Asubuhi hakwenda kanisani. Aliitoa baiskeli, akampita mchungaji mlangoni pa kanisa, na kwenye kimwinuko Verna alikuwepo. Walifika darajani. Orlin alisimamisha, akashuka kwa taabu, akabaki ameshika usukani.

"Verna, unataka kukaa mbele?"

"Hapana, nyuma kunatosha."

Maji yalipita chini ya daraja.

"Kaa, tafadhali. Usukani si mgumu."

"Sitaki kukusumbua. Goti lako hilo."

"Verna," alisema Orlin, na sauti ikamkatika, jambo ambalo huku halifanywi hadharani. "Njoo ukae mbele."

Verna alikitazama kiti cha mbele. Kisha akaivuta zipu ya koti lake mpaka juu.

"Haya," alisema, "kama kweli si usumbufu."

Walibadilishana. Verna alisogeza kiti cha mbele mpaka miguu yake ikafika pedeli, akajaribu breki mojamoja, akakigeuza kioo kidogo. Alikuwa ameketi wima kama mtoto anayepigwa picha. Orlin alijilaza nyuma, katika lile bonde la wavu lisilokuwa lake, akaanza kukanyaga. Na kwa kuwa kiduara cha sumaku kilikuwa kwenye pedeli za nyuma, mota iliamka kwa mara ya kwanza ikaanza kumsaidia. Iliunguruma polepole chini yake. Taa moja ya betri ikazimika.

Mbele yake Orlin aliona wavu wa kiti, koti jekundu na nywele nyeupe chini ya kofia ya usalama. Alinyoosha shingo kulia, akaona nyasi zikipita ubavuni. Alinyoosha kushoto, nyasi. Hapakuwa na zaidi. Alikuwa ameijua njia ile maisha yake yote na hakuitambua.

Lakini mwendo ulikuwa mzuri. Verna aliendesha imenyooka kabisa katikati ya njia, bila kuyumba, kama mtu anayefuata kitu.

"Unaonaje huko?" aliuliza Orlin.

"Vizuri."

Orlin hakuridhika na jibu la kwanza. Alikuwa ameshajifunza.

"Unaona nini, Verna?"

"Aa, mambo yale yale."

Walipita majabali ya chokaa. Orlin aliyajua kwa ubaridi wake shavuni. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, yatakuwa meupe.

"Niambie unaona nini," alisema.

Verna hakupenda kumsononesha mtu.

"Naona kofia yako," alisema. "Ile ya bluu, mbele yangu, kama zamani."

Orlin alikanyaga. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa wazi, upepo unapita. Mota iliendelea kumsaidia, na baiskeli ilikwenda imenyooka. Kisha njia ikajikunja ukingoni mwa mto, na ubavuni, katika kile kipande kidogo alichoweza kukiona, kitu cha kijivu kilisogea.

"Kushoto kuna korongo," alisema Orlin. "Pale majini. Amesimama kwa mguu mmoja. Tazama, Verna!"

"Ndiyo," alisema Verna.