Vibandiko Vitano vya Callum

Na ijulikane kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba asubuhi ya Ijumaa ile Callum Prewett, umri wa miaka kumi na sita, mzaliwa wa Hobart, Australia, na mkazi wa bweni la wavulana huko Niigata, Japani, aliapa kuitia adabu lugha ya Kijapani. Kiapo hicho kitukufu alikila akiwa na soksi moja mguuni, huku akiitafuta ya pili chini ya godoro.

Kilichomtesa ni kitenzi cha kuvaa. Kwa Kiingereza mtu huvaa tu: kofia anavaa, buti anavaa, miwani anavaa, yamekwisha. Wajapani hawakuridhika na raha hiyo. Kinachopita mabegani ni kiru. Kinachopanda kutoka miguuni ni haku. Miwani ni kakeru. Kofia nayo ina neno lake, skafu lake, glavu lake. Callum aliinakili orodha mara nane, na kila alipoifunika kwa kiganja, maneno yalitawanyika kama kuku waliofunguliwa banda.

Na siku hiyo ndiyo ya mtihani wa mdomo. Mwalimu Kuwabara humsimamisha mwanafunzi mbele ya darasa, na mtahiniwa hueleza mwenzake amevaa nini. Atakayeshindwa hatakwenda na darasa milimani kesho kuteleza kwenye theluji. Atabaki bwenini na matroni, wakimenya figili.

"Hatanaka," Callum alimwambia mwenzake wa chumbani, "leo utasimama wewe. Nakubandika majibu."

"Unanibandika? Mimi ukuta?"

"Vikaratasi vidogo tu. Kwenye kofia, skafu, glavu, koti na buti. Mwalimu anakaa nyuma yako, hataona."

Midomo ilimchezacheza Hatanaka. "Utanipa nini?"

"Kuku wangu wa kukaanga wa mchana."

"Wote?"

"Wote, mnyang'anyi we!"

Wakatoka kwenye theluji, Hatanaka akitembea kwa madaha kama bibi harusi, vibandiko vitano mwilini. Callum alikuwa akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika mlangoni mwa shule. Hatanaka aliinama, akavua buti, akazisukuma ndani ya kabati la viatu, akavaa viatu vyeupe vya ndani. Kisha akavua kofia, skafu, glavu na koti, akavitundika. Ndivyo afanyavyo kila mtu pale kila asubuhi, na Callum mwenyewe alikuwa amefanya hivyo kwa miezi mitano.

"Kwa nini hukuniambia?" Callum alifoka.

"Hukuniuliza, kaka. Uliniuliza habari za kuku tu."

Darasani Hatanaka alisimama na suti ya shule na miwani, uso mtulivu kama wa sanamu hekaluni.

"Prewett, tuanzie juu," alisema Mwalimu Kuwabara kutoka kiti chake.

Callum aliikazia macho miwani ile. Haikuwa na kikaratasi.

"Hatanaka... anahaku miwani."

Darasa zima likaangua kicheko. "Kaivaa mguuni!" mmoja alipiga kelele. "Ndiyo maana hujikwaa!"

"Kimya. Endelea, Prewett."

Akajaribu koti la suti, akalipa neno la glavu. Akajaribu mkanda, akaupa neno la kofia. Alitamani kuirarua kamusi, na kumrarua Hatanaka pia.

"Hatanaka, hicho nini?" Mwalimu aliuliza ghafla.

Kwenye pindo la suruali, upande wa nyuma, kulikuwa na kikaratasi kilicholowa. Kilikuwa kimebanduka kwenye buti kwa theluji, kikanata kwenye suruali. Mwalimu aliinama, akakibandua kwa kucha, akakisoma. Kisha akakiinua juu.

"Herufi zinayumba hivi," alisema taratibu. "Darasa hili lina mmoja tu mwenye mwandiko wa namna hii."

Callum aliangalia sakafu. Alifikiria kumsingizia Hatanaka, lakini Hatanaka alikuwa tayari anamwonyesha kwa kidole.

"Ni mimi, Mwalimu. Niliviandika, na vingine vinne viko mlangoni. Wazo lilikuwa langu peke yangu. Hatanaka nilimhonga kuku."

"Nimeelewa. Sasa kiri upya, kwa Kijapani. Nguo moja moja uliyoibandika, kwa neno lake la kuvaa. Ukipatia, kesho utakwenda milimani."

Callum akaanza na buti.