Mwaka Mama Naye Alipoomba Chuo

Mama yangu na mimi tuliomba chuo kikuu mwaka mmoja, chuo kimoja, kozi moja. Watu wakisikia hivyo hucheka na kusema, "Jamani, raha iliyoje!" Huwa siwajibu. Hawakuwepo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo ya sekondari yalikuwa yametoka wiki ile, nami nilikuwa nimefaulu kwa mbinde: kemia ilinivuta miguu, baiolojia ikanibeba. Nilitaka uuguzi. Baba, ambaye ni fundi friji, alikuwa ameniazima simu yake nijaze maombi. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya chakula, napiga picha vyeti vyangu, Mama aliporudi kazini.

Mama alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika hospitali kubwa ya mji. Alideki, alikusanya mashuka yenye damu, alimwaga ndoo. Alifanya hivyo miaka kumi na sita, hata wauguzi wakasahau jina lake, wakawa wanamwita Mama Ndoo. Siku ile hakuvua hata viatu. Alivuta kiti, akaketi kando yangu, akachungulia kioo cha simu.

"Ukimaliza ya kwako," akasema, "nionyeshe pa kuanzia. Na mimi naomba."

"Unaomba nini?"

"Chuo. Uuguzi."

Nilicheka. Nakiri, nilicheka kwa sauti, maana nilidhani ananitania. Mama hakucheka. Alifungua mkoba akatoa bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza. Ndani mlikuwa na cheti cha sekondari chenye jina lake, cha mwaka uliopita, na barua iliyosema amefaulu mtihani wa watu wazima wa kujiunga na chuo kikuu. Nilikisoma kile cheti mara mbili. Kemia yake ilikuwa juu ya yangu.

Ndipo ikajulikana kwamba zile zamu za jioni alizokuwa akituaga kwenda mara nne kwa wiki, miaka miwili mizima, hazikuwa zamu. Alikuwa akienda shule ya jioni, mtaa wa nyuma ya hospitali, anakaa dawati moja na makarani na walinzi, anasoma mpaka saa tatu, kisha anarudi nyumbani na kusema wodi leo ilijaa.

Baba alisikia yote akiwa mlangoni, bisibisi mkononi.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili naambiwa zamu. Napasha chakula mwenyewe, nafua mwenyewe, kumbe mke wangu yuko darasani anaimba a, e, i, o, u."

"Sikuimba irabu. Nilisoma kemia."

"Afadhali ningesikia kuna mwanamume. Huyo ningejua namna ya kumfukuza."

"Ningekuambia, ungenikubalia?"

"Hapana!"

"Basi ndiyo maana sikukuambia."

Baba alirudi kwenye banda lake la kazi, lililo mbele ya nyumba, akagongagonga mabati mpaka giza likaingia. Mimi nilibaki na Mama. Damu ilikuwa inanichemka.

"Chagua kozi nyingine," nikamwambia.

"Kwa nini nichague mimi?"

"Kwa sababu mimi ndiye mtoto. Zamu yako ilishapita."

Aliniangalia kama anayeangalia mtu aliyemkanyaga mguu makusudi.

"Ilipita lini? Nitajie tarehe. Mimi niliacha shule nimebakiza darasa moja, tumbo limefika hapa. Aliyekuwa ndani ya hilo tumbo ni nani?"

Kisha akaongeza, na hilo ndilo lililoniingia kama msumari: "Nimesoma mikono ikinuka dawa ya kudekia. Wewe umesoma umelala."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na mpaka katikati. Hatukuongea ila kupitia kwa Baba, naye hakutaka kuwa mjumbe wa yeyote. "Mwambie binti yako asogeze sufuria." "Muulize mkeo, kwani yeye hana mikono?" Mama alinieleza mara moja tu, kwa sauti ya kusoma tangazo, kwamba watu wazima wametengewa nafasi zao kumi na mbili na sisi wa sekondari tuna zetu mia moja na ishirini, kwa hiyo hanigusi wala simgusi. Sikumwamini. Mtu aliyekudanganya miaka miwili kuhusu zamu, utamwamini kwenye hesabu? Isitoshe, hata kama ilikuwa kweli, nilikuwa nikijiona darasani, Mama yuko kiti cha mbele ananyoosha mkono, wenzangu wananigeukia: yule si mama yako?

Mwezi uliofuata tuliitwa sote kwenda kuhakikiwa vyeti, siku moja, Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Tangazo lilisema wazi: asiyefika na vyeti halisi atahesabiwa amejitoa.

Sitajipamba. Jumatano mchana, Mama akiwa wodini, niliingia chumbani kwao, nikainua godoro, nikatoa ile bahasha ya kaki. Nilitaka kuichana. Nilikishika cheti kwa mikono miwili na nikashindwa. Bandani kwa Baba kulikuwa na friji moja kuukuu, mashine yake imekufa, mteja aliyeileta ameitelekeza miezi mitano. Niliifungua, nikaisukumia bahasha ndani kabisa, kwenye sehemu ya kugandishia, nikafunga mlango.

Asubuhi Mama aliinua godoro. Akainua tena. Akatoa nguo zote sandukuni, akapapasa juu ya kabati, akakung'uta shuka. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimesimama sebuleni na bahasha yangu mwenyewe kwapani. Alipotoka chumbani aliniangalia mara moja tu, akajua.

"Kiko wapi?"

"Nini?"

Nilidhani atanizaba kofi. Nilikuwa hata nimekaza shavu. Badala yake akavaa viatu.

"Twende," akasema. "Tunaenda wote."

Uhakiki ulifanyika kwenye ukumbi mrefu wenye meza sita, kila meza na karani wake. Meza yetu ilikuwa ya tatu, karani mwenyewe mwanamume wa makamo, miwani imeshuka puani, uso umekunjamana kama mtu aliyelazwa njaa. Mama alinitanguliza. Karani alitazama vyeti vyangu, akatazama orodha, akagonga muhuri. Sijui kama nilishukuru.

"Anayefuata. Vyeti."

"Cheti changu cha sekondari kimefichwa," Mama alisema, na hakupunguza sauti. "Aliyekificha ni huyu uliyemgongea muhuri sasa hivi."

Makarani wa meza za jirani waliinua vichwa.

"Ni nani yako?"

"Binti yangu wa kumzaa."

Karani alinigeukia. "Ni kweli?"

"Sijui anachosema," nikajibu, macho makavu.

Mtu nyuma yangu alisonya. Karani alivua miwani akaiweka mezani.

"Sikiliza, mama. Hapa ni udahili, si baraza la usuluhishi. Huna cheti, huna maombi. Tena kwa umri wako, si umwachie tu mtoto?"

"Umri wangu umeandikwa kwenye fomu, na fomu mmeipokea. Mimi nakuuliza kitu kimoja. Mnafunga saa ngapi?"

"Saa tisa. Ikifika saa tisa na dakika moja, hata uje na cheti cha dhahabu."

"Basi nitakaa pale mpaka saa tisa."

Akaenda kuketi kwenye benchi la karibu na mlango. Nilitaka kuondoka. Muhuri wangu nilikuwa nao, nini kingine kilinishika? Lakini alisema, "Na wewe ukae," kwa sauti ileile aliyokuwa akinikalishia kwenye beseni nikiwa mdogo, na miguu yangu ikatii kabla ya kichwa.

Ilikuwa saa tano. Tulikaa. Watu waliingia, wakatoka, wakatuangalia kama picha ukutani. Saa saba hivi Mama aliuliza, bila kunigeukia:

"Umekichana?"

"Sijakichana!"

"Sawa. Kumbe kipo."

Niliuma ulimi. Alikuwa amenitega na nimeingia mzima mzima.

"Kipo wapi?"

Mpaka leo sijui ni nini kilichonifunga mdomo. Simu yake ilikuwa mkononi. Neno moja tu, friji, angempigia Baba, na Baba angefika mapema. Nililiona lile neno, lilikuwa pale nyuma ya meno, na nikaacha likae. Nilikuwa nataka saa tisa ifike. Wakati huohuo niliiogopa kila nikitazama saa ya ukutani.

Saa tisa kasoro dakika kumi Baba aliingia. Alikuwa na ovaroli la kazi, mikono myeusi hadi viwikoni, anahema kama aliyekimbizwa. Mkononi bahasha ya kaki. Mwenye ile friji alikuwa amekuja siku hiyohiyo, baada ya miezi mitano, kuichukua auze chuma chakavu, na Baba alipofungua aipanguse kidogo kabla ya kuikabidhi, akaikuta bahasha.

Mama alisimama. Baba hakumpa bahasha mara moja.

"Usije ukadhani nimekubali," alimwambia. "Sijakubali, na hasira zangu ziko palepale. Lakini sikuoa mwizi wala sikutegemea kumzaa."

Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi. Baba hakuwahi kunipiga maishani. Siku ile nilitamani anipige.

Karani alikishika cheti kwa ncha za vidole. "Kina grisi hiki."

"Muhuri unasomeka?" Mama akauliza.

"Unasomeka."

"Jina?"

"Linasomeka."

"Basi gonga wa kwako."

Akaugonga kwa nguvu, kama anaua mende. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne.

Wiki tatu baadaye orodha zilibandikwa langoni mwa chuo. Mama alikuwa wa tatu kati ya wale kumi na wawili. Nilipitisha kidole kwenye orodha ya sekondari kutoka juu hadi chini, nikarudi kutoka chini hadi juu. Namba yangu haikuwepo. Nilimwona Mama amesimama kando, mikono ameikunja, na hasira zote zikapata pa kwenda.

"Umefurahi? Umechukua nafasi yangu!"

Alinisogelea. Kulikuwa na watu wengi langoni, wanapiga picha, wanakumbatiana, wengine wanalia. Aliweka kidole kwenye ile orodha ya watu mia moja na ishirini.

"Wa mwisho hapa ana alama kumi na moja. Wewe una tisa. Nionyeshe mimi niko wapi katika hawa."

Nilijaribu kuusukuma mkono wake, hakuuondoa.

"Hata ningekufa jana," akasema, "namba yako isingekuwepo hapa."

Alisema hivyo. Mama yangu mzazi. Na lililoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na neno hata moja la kulipinga. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, nikamwacha ashughulikie karatasi zake.

Alipokaribia kuanza masomo, aliacha kazi. Jioni moja aliniambia, safari hii bila kupitia kwa Baba, "Wanatafuta mhudumu wa wodi ya wazazi. Nimewaambia nina binti."

Sikujua kama ananisaidia au ananidhihaki. Nadhani na yeye hakujua.

"Afadhali nile udongo," nikasema.

"Haya. Kula."

Nikaenda bandani kwa Baba. Nilimwandikia risiti, nikamshikia taa, nikajifunza kutambua gesi inapovuja kwa povu la sabuni. Mradi hatukumtaja Mama, Baba na mimi tuliiva vizuri. Yeye naye alibaki vilevile: hakuwahi kumwambia Mama hongera, na chakula bado anapasha mwenyewe, kwa kelele, ili sote tusikie. Lakini asubuhi ya kwanza ya muhula niliona viatu vya Mama vimepigwa rangi, na mimi sikuwa nimevigusa.

Kemia niliirudia. Nilijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikasomea pale bandani kati ya friji na friji, na safari hii sikulala. Nilipata alama nzuri, si za kujigamba. Uuguzi sikuuomba tena. Niliomba maabara, chuo kingine, mji mwingine, nikakubaliwa.

Katikati ya hayo niliwahi kumwomba radhi. Alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anaosha vikombe. Nilisema yote: bahasha, friji, uongo mbele ya karani, lile benchi. Nilisema mpaka maneno yakaniishia. Aliendelea kuosha.

"Sawa," akasema.

Nikasubiri. Hakugeuka. Sijui kama ilikuwa sawa ya kusamehe au sawa ya kuninyamazisha, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Fomu za chuo changu zilipofika nilizijaza kwenye meza ileile ya chakula, mchana, Mama akiwa anafunga vifungo vya sare yake ya mafunzo ya wodini. Palikuwa na sehemu ya kuandika mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, jina moja tu. Niliandika la Baba. Mama alikuwa amesimama kando ya kiti changu. Nilijua ameliona, kwa sababu mikono yake ilisimama kwenye kifungo.

"Ulipoweka sahihi umetoka nje ya mstari," akasema.

Kisha akachukua mkoba wake, akaenda hospitali.