Kushika Mkia

Shuleni kwetu kushika mkia ni kuwa wa mwisho kwenye mtihani. Kwa hiyo mama aliyekuwa anatuongoza mlimani aliposema anatafuta mtu wa kushika mkia, wote ishirini na wawili tuliinamia viatu vyetu tukicheka. Yeye hakujua tunacheka nini. Ni mama wa makamo, mwembamba, na kabla hatujaanza kupanda tulishamgeuza Shangazi.

Akatueleza. Yeye ni kichwa, anatangulia. Mkia anakaa nyuma kabisa, hakuna anayebaki nyuma yake. Kichwa akiita "Kichwa!", mkia anaitika "Mkia!" Akiitwa mara tatu kimya, safari imeisha, tunageuza wote, hata kama kilele tunakiona kwa macho.

"Mpeni Nukta," akasema Redio, msichana wa darasani kwetu ambaye hazimwi. "Nyuma ndiko kwao."

Nukta ni mimi. Wanasema nikifika, maongezi yanaisha. Mwalimu wetu wa jiografia ameshaniandika sipo mara kibao, na mimi nimekaa palepale nimeitika. Ndiye aliyetuleta mlimani, akamwambia Shangazi kwamba sauti yangu ni ndogo. Shangazi akanitazama juu mpaka chini, akasema tutaisikia.

Na mimi kile kilele nilikitaka mno. Nyumbani nilibembeleza wiki tatu, kaka akaapa kwamba nitarudi nimebebwa mgongoni.

Msituni nilifanya ujanja. Redio alikuwa mbele yangu tu, basi Shangazi akiita, namgusa begi, yeye anapaza "Mkia!" kwa niaba yangu. Mara tano hivyo, safi kabisa.

Tukatoka kwenye miti, tukaingia kwenye mawe. Redio akaona wenzake wanacheka huko juu, akawakimbilia asipitwe na umbea. Hapo hapo ukungu ukashuka, nikawa sioni hata mkono wangu vizuri.

"Kichwa!" Shangazi akaita.

Nikaitika. Upepo ukaibeba sauti.

"Kichwa!"

Nikaitika tena, ikaishia kwenye meno. Nikasikia miguu yote huko juu imesimama. Mwalimu akasema basi, watoto tugeuke, yule hatumsikii. Redio akasema nilikuwa nyuma yake sasa hivi.

Shangazi akaita mara ya tatu.

Nikatua begi. Nikavuta pumzi mpaka tumbo likauma, nikafumba macho.

"MKIA! NIPO! MSIGEUZE!"

Mawe yakanirudishia. Nilidhani ni mtu mwingine kaitika, kumbe ni mimi.

Huko juu Shangazi akasema, bila haraka, "Haya, twende."

Kuanzia pale niliitika hata kabla sijaitwa. Nilikohoa, koo likakwaruza, nikaitika tu.

Tulipotokea juu ya ukungu, jua lilikuwa kali na nguzo ya kilele iko pale, chuma kimepakwa rangi nyeupe. Wenzangu walikuwa wameketi wakiizunguka, hakuna aliyeigusa. Shangazi aliwakataza. Aliwaambia msafara haujafika mpaka mkia ufike.

Nikapita katikati yao, nikaiweka mikono yote miwili kwenye kile chuma cha baridi. Ndipo wakapiga kelele, ndipo tukawa tumefika.

Wakati wa kushuka Redio akanifuata pembeni, akaniomba tubadilishane, mkia ashike yeye, leo amechoka kukaa mbele.

"Tafuta wa kwako," nikamwambia, na watu wa mbele kabisa wakageuka kunitazama.