Sahani ya Ta Ildefons

Ma Vestina wa Ijumbi alikuwa mtu asiyejua kumpenda mwenzake bila kumlisha. Mwalimu mgeni akiripoti shuleni, alipelekewa mkungu wa ndizi kabla hajafungua mabegi. Jirani akijifungua, sufuria ya Vestina ilitangulia hata mashangazi. Ilipofika Desemba, jiko lake la nyuma ya nyumba lilikuwa halipoi. Watoto wake watatu walirudi nyumbani na familia zao kila Krismasi, majirani waliingia na kutoka, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mikono mitupu. Huyu aliondoka na senene, wale panzi wa msimu wa mvua, waliokaangwa wakakauka vizuri, wamefungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Yule aliondoka na kopo la kahawa ya kutafuna, mwingine na chupa ya mramba, ile juisi ya ndizi ambayo bado haijageuka kuwa pombe.

Mumewe, Ta Ildefons Lwakatare, ndiye aliyekuwa mwonjaji. Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa mpaka alipostaafu, mtu wa maneno machache na hamu kubwa ya chakula. Senene wakiwa kwenye kikaango, alisimama mlangoni mwa jiko na kunyoosha kiganja. Vestina alimtilia wawili watatu, naye alitafuna akitazama darini kama anayekumbuka jambo, kisha akatoa hukumu: chumvi bado. Miaka thelathini na minne chumvi ilikuwa bado, hata mwaka ambao Vestina aliweka chumvi mara mbili makusudi ili amkomeshe.

Mwaka huu hakuja mlangoni.

Ilikuwa imeanza mwezi wa saba. Alisema ebitoke, zile ndizi za kupika, vinamkwama kifuani, akawa anavisukuma kwa maji. Mwezi wa nane akaacha nyama. Vestina alidhani kosa ni la mapishi yake. Akaponda ndizi, akazilainisha kwa maziwa, akabadilisha hata aina ya ndizi, akamuuliza kila jioni kama leo ni afadhali, na kila jioni mumewe alisema ni afadhali. Mwezi wa kumi, akifua, aliuona mkanda wake wa suruali. Ulikuwa na matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari.

Novemba wakapanda basi kwenda Mwanza. Binti yao mkubwa, Hellen, aliyekuwa akifundisha Dodoma, walimwambia kwa simu kwamba wanakwenda kumsalimia rafiki wa zamani. Hospitalini walimpitisha Ildefons mpira wenye kamera kooni, wakamlaza siku tatu kwa vipimo vingine, na siku ya nne daktari, kijana mpole, akachukua karatasi na kuwachorea. Huu ni mrija wa chakula. Hapa ndipo penye uvimbe. Na huku, kwenye ini, umekwisha kupeleka vijukuu. Alisema kuukata haiwezekani tena. Kinachowezekana ni kumtoboa tumboni na kumwekea mpira, chakula kiingie bila kupita kooni.

Vestina akauliza swali ambalo baadaye alilionea haya.

"Sasa nimpikie nini?"

Daktari aliitazama michoro yake. Akasema chochote chepesi, mama, chochote anachoweza kumeza.

Ildefons aliukataa mpira mpaka Krismasi ipite. Ndani ya basi la kurudi, wakiwa wamekaribia Muleba, ndipo alipompa mkewe sababu, naye aliisema akitazama migomba ya watu nje ya dirisha. "Watoto wanakuja kula," alisema. "Sitaki waje kwenye msiba kabla ya msiba." Akamtaka aahidi kwamba hatamwambia mtu. Vestina akaahidi, kwa kuwa hakuona kitu kingine alichobaki nacho cha kumpa.

Basi akapika. Hakuwa amewahi kupika kama mwaka ule. Senene walianguka kwa wingi wiki ya kwanza ya Desemba, na wanawake wa Ijumbi walijaza magunia. Vestina alikaa mkekani siku nne mfululizo akinyonyoa mabawa na miguu, vidole vikienda vyenyewe. Alisaga karanga, alikausha samaki kwa moshi, alisimamia ukamuaji wa ndizi kwenye mtumbwi wa mbao uani. Alifunga vifurushi arobaini na kitu akavipanga kabatini. Chumba cha pili, mumewe alilala akinywa maziwa kwa kijiko, na mramba kidogo, na uji mwepesi uliochujwa. Kila alipomaliza nusu bakuli alisema ameshiba. Vestina alichukua bakuli, akarudi jikoni, akaendelea kukaanga. Hakujua mikono yake aipeleke wapi pengine.

Watoto walifika tarehe ishirini na tatu. Hellen alikuja na mumewe, Dastan, na watoto wao wawili. Alimtazama baba yake muda mrefu, akasema amepungua. Ildefons akamjibu kwamba wazee hupungua, kwamba kazi ya shamba imekuwa nyingi. Kwenye meza alifika amechelewa na kuondoka mapema, akisema tumbo limejaa gesi. Siku mbili zilipita hivyo.

Asubuhi ya Krismasi, familia iliporudi kutoka misa, Hafidhi alikuwa amekwisha kufika kutoka Kitendaguro na mkewe Shamsia. Hafidhi ndiye aliyekuwa dereva wa lori la kahawa miaka ile Ildefons akiwa karani. Walikuwa wamelala pamoja juu ya magunia kwenye matope mara nyingi kuliko walivyoweza kuhesabu. Kila Krismasi alikuja kumchinja mbuzi wa Ildefons, ili nyama ile iweze kuliwa na kila aliyekaa mezani, yeye na Shamsia wakiwamo. Shamsia alibeba ndoo ya visheti na kashata za karanga alizopika mwenyewe, kama Vestina alivyowapelekea mkungu na kahawa kila Idi.

Hafidhi alimchinja mbuzi, akamtundika, akaanza kumchuna. Vestina alikuwa amemshikia beseni la utumbo. Pasipo kugeuka, Hafidhi alimweleza habari za ndugu yake Awadhi, aliyefariki miaka sita iliyopita. Alieleza jinsi Awadhi alivyoanza kwa kukataa wali, akaja kukataa ugali, na jinsi shingo yake ilivyokuwa mwishoni.

"Shemeji," akasema, "ni koo?"

Vestina alikuwa ameahidi kutosema. Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakaangukia kwenye beseni. Hafidhi aliendelea kuchuna mpaka ngozi ikatoka yote, akanawa mikono, akaosha kisu.

Saa saba mchana watu walijaa sebuleni na barazani. Kulikuwa na ebitoke vilivyopikwa na maharage, vingine kwa nyama, kulikuwa na mbuzi wa mchuzi, sato wa moshi kwenye karanga, wali kwa ajili ya wajukuu, na lubisi, pombe ya ndizi, kwa wanaokunywa. Vestina alikuwa akitega sikio zaidi ya kupakua. Alimwona Hafidhi akivuta kiti na kukaa bega kwa bega na mumewe, akaomba wawekewe sahani moja kubwa, kama zamani kwenye lori. Watu wakacheka. Kisha Hafidhi akaanza kula.

Alikula upande wake, na maongezi yalipopamba moto akala upande wa mwenzake. Ildefons alikuwa akipeleka mkono kwenye sahani na kuurudisha, akitafuna hewa. Sahani ikawa inapungua sawia. Vestina aliijaza mara ya pili kwa sababu mgeni mmoja alimkumbusha kwamba wazee wamemaliza, na hangeweza kukataa. Hafidhi, ambaye Shamsia alimsifu siku zote kwamba anatosheka na tonge tatu, alikula sahani ile ya pili pia. Jasho lilimtoka kipajini. Alipoinua macho yakakutana na ya Vestina, naye akayashusha haraka, akamega tena. Vestina alirudi jikoni, akashika ukingo wa meza.

Ingeweza kupita. Vestina aliamini baadaye kwamba ingepita, kama si Kokubanza.

Kokubanza alikuwa dada mkubwa wa Ildefons, bibi wa miaka themanini na moja. Mama yao alipofariki ndiye aliyembeba mgongoni na kumlea. Aliletwa kutoka kwa wanawe saa nane, akaketishwa mbele ya mdogo wake, akafungua kifurushi cha jani la mgomba mapajani. Alisema macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo senene wale amewanyonyoa kwa kupapasa, mmoja mmoja, wiki nzima, na hajaruhusu mtu amsaidie. Alisema hajui kama mwakani atakuwapo. Akachota kidogo kwa vidole vitatu.

"Fungua kinywa," akamwambia, kama alivyomwambia akiwa na miaka minne.

Hafidhi aliingiza mkono akisema Bibi, na mimi je, nianze mimi. Kokubanza akausukuma mkono ule pembeni na watu wakacheka tena. Ildefons alimtazama mkewe aliyesimama mlangoni na jagi la maji. Vestina angesema nini, mbele ya watu wote wale? Mumewe akafungua kinywa.

Alitafuna kwa muda mrefu. Wajukuu walikuwa wakisubiri aseme chumvi bado, wamekwisha kuanza kutabasamu. Alitafuna mpaka Vestina akajua kwamba ndani ya kinywa kile hapakuwa na kitu cha kutafuna ila maji, kisha akaona koo la mumewe likipanda. Halikushuka. Ildefons alisimama, kiti kikaanguka nyuma. Dastan alimdaka kiunoni, wakamtoa nje, akainama kwenye shina la mgomba wa kwanza wa kibanja kilichozunguka nyumba, akihangaika. Kilichotoka kilikuwa povu, na senene, na uzi mwembamba wa damu. Koti lilikuwa limepanda mgongoni, na kila mtu aliyetoka barazani aliiona suruali ilivyokunjwa chini ya ule mkanda, na mbavu.

Hellen alimfuata mama yake penye ukuta wa jiko.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu Novemba."

"Na ulikuwa unapika."

"Nilikuwa napika," Vestina akasema.

Hellen alimtazama kama mtu anayetafuta tusi akalikosa. Kisha akamkumbatia, na mikono yake ilikuwa mizito.

Ndani, Kokubanza alikuwa bado ameketi pale pale na kifurushi chake wazi. Aliuliza kila aliyepita kama senene wake walikuwa wameharibika. Vestina alipiga magoti, akamwambia kwa Kihaya kwamba si senene, senene wake ni wazuri, ni ugonjwa, ulikuwapo kabla. Bibi aliitikia, na baada ya muda kidogo akauliza tena.

Wageni hawakujua wafanye nini. Kuondoka na kuacha chakula cha mtu kwenye sahani ni kumdharau, na kukila mbele ya mambo yale ilikuwa aibu. Walisimama wameshika sahani zao. Ildefons akarudi, amefuta uso, Hafidhi akiwa amemshika kiwiko. Aliketi kwenye kiti chake.

"Kaeni mle," alisema, sauti imekwaruza. "Mimi nitawaangalia."

Na kwa kuwa mwenye nyumba amesema, walikaa wakala. Vilisikika vijiko tu. Vestina alipita na sufuria, akawaongezea mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethubutu kusema ametosheka.

Walipoaga, alisimama mlangoni na vifurushi vyake. Wengine walijaribu kukataa, wakasema amwekee mgonjwa, kisha wakaona walichokisema. Aliwasukumia mikononi. Shamsia alikuwa wa mwisho. Alipokea kifurushi na mikono ya Vestina pamoja nacho, akaishika hivyo mpaka Hafidhi alipomwita kutoka barabarani.

Wiki iliyofuata chakula kilianza kurudi. Chupa za chai zilizojaa supu ya samaki, uji wa ulezi, asali, maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, dawa za mizizi kutoka kwa mtu wa ng'ambo ya mto. Kila nyumba iliyowahi kulishwa na Vestina ilileta kitu. Ildefons alichukua kijiko kimoja kutoka katika kila kimoja, ili asimwangushe mtu. Kufikia sikukuu ya Epifania hata maji yalikuwa yakirudi. Hellen aliomba likizo, akakaa kitandani kwa baba yake mchana mzima, na alipotoka alisema baba amekubali mpira.

Walirudi Mwanza akawekewa, na muuguzi wa huko alimfundisha Vestina kwa uvumilivu. Supu ichujwe mara mbili kwa kitambaa safi. Iwe vuguvugu, isiwe moto. Bomba la sindano lisiwe na sindano, liinuliwe juu, na supu iachwe ishuke kwa uzito wake. Usisukume, mama, alimwambia. Kazi yako ni kushika tu.

Siku ya kwanza nyumbani alichemsha mifupa ya mbuzi tangu alfajiri, na kitunguu, na majani ya mchaichai, na chumvi. Hellen alimwambia kwa upole kwamba viungo havina maana sasa. Vestina alijua. Aliweka hata hivyo. Akachuja mara mbili, akapima joto kwa kifundo cha mkono kama wanavyopimiwa watoto, akaketi kando ya kitanda na kuunganisha bomba kama alivyoonyeshwa.

Supu ilianza kushuka. Alimtazama mumewe usoni.

"Unasikia nini?" akamuuliza.

Ildefons alifikiri. Alitaka kumpa kitu, hilo alilisoma usoni mwake.

"Joto," akasema.

Vestina akangoja.

"Joto tu."

Alimimina tena kidogo, akauinua mkono. Ulianza kufa ganzi, naye akaushikilia pale pale, akiitazama supu ikishuka taratibu, kwa mwendo wake yenyewe, pasipo yeye kuweza kuiharakisha wala kuizuia.