Kitabu Kilichokatwa kwa Mkasi

Haya alinisimulia mdogo wangu, yule anayefua mashuka hotelini, mwezi uliopita tukianua nguo kabla mvua haijatukuta.

Palikuwa na kaka na dada yake, watoto wa fundi cherehani. Hoteli ilitaka mtu mmoja wa mapokezi anayejua Kihispania, na kitabu cha sarufi nyumbani kilikuwa kimoja. Wangeweza kusoma pamoja, lakini kaka akasema mkubwa ni mkubwa. Akachukua mkasi wa baba, akakikata kama anayegawa urithi. Yeye akajitwalia nyakati zote: yaliyopita, yaliyopo na yajayo.

"Na mimi je?"

"Wewe kamata hizo kurasa za kuomba, kutamani na kuamrisha. Na hivi viunganishi, ingawa, hata hivyo, ili. Si mnapenda kubembeleza nyie?"

Dada akaokota makombo yake.

Siku ya usaili maji yakakatika. Bibi mmoja Mhispania akashuka ngazi na povu la sabuni kichwani, anafoka. Meneja akaona mtihani umejileta wenyewe. "Haya kijana, anza wewe."

Kaka akajikohoza, kifua mbele, Kihispania kikamtoka kama maji ambayo hayakuwepo: "Maji yalikatika jana. Maji yamekatika leo. Maji yatakatika kesho."

Hakukosea hata neno. Bibi nusura amtwange kwa taulo.

Dada, ambaye hata hilo "yamekatika" hakulijua, akavuta kiti. "Kaa, mama. Natamani upumzike. Ingawa... hata hivyo... ili usafike, ningoje!" Akatoka mbio, akarudi na ndoo ya maji ya kisima. Bibi akacheka mpaka povu likamwingia machoni, akainamisha kichwa amwagiwe.

"Lakini mimi ndiye niliyesema kweli!" kaka akalalamika.

"Hapa hatuajiri mashahidi," meneja akamjibu, akamkabidhi dada funguo za mapokezi.

Jioni dada akanyoosha mkono. "Kaka, nipe nusu yako, nawe uchukue yangu. Nafasi nyingine zitatokea."

"Ng'o!"

"Mwanangu," baba akaguna, "umeshiba nini hata unyime?"

Kaka akaenda kitandani. Akaitandika nusu yake chini ya shuka, akailalia. Dada alishaanza kukoroma, maana zamu yake ilikuwa ya alfajiri. Baba akazima taa, naye akalala. Kaka akajipindua huku na huku, nyakati zote tatu zinamkwaruza ubavuni. Akaona heri kukwaruzwa kuliko kuazima. Hata usingizi ukamchukua.