Kitambi cha Bwana Harusi

Kituo kizima cha kuzalisha wanyama adimu kilikuwa na sange wawili tu, wanyama wadogo wenye pua ndefu isiyotulia, ambao msituni walikuwa karibu kwisha kabisa. Jike aliitwa Bibi Harusi, dume Bwana Harusi. Mtunzaji wao, mama wa makamo ambaye wafanyakazi wote walimwita Shangazi, alikuwa amesubiri mimba ya Bibi Harusi miezi minane. Kila asubuhi aliwapima uzito ndani ya mfuko wa kitambaa. Bibi Harusi, pamoja na kupewa minyoo maradufu, alibaki vilevile. Bwana Harusi ndiye aliyenenepa.

Jambo hilo lilimkera Shangazi waziwazi. Nyumbani alikuwa na mume mwenye kitambi, kwa hiyo uvivu wa aina hiyo hakuhitaji kusimuliwa. Akashauri dume apunguziwe chakula nusu, pengine atakumbuka kazi yake. Daktari wa wanyama, aliyetambua jinsia zao siku walipoletwa, alicheka mpaka akavua miwani, akatia sahihi. Wiki tatu Bwana Harusi alilamba bakuli tupu na kumtazama Shangazi, naye Shangazi akawa anamwambia ajikaze kiume.

Jumatatu asubuhi alipofungua banda, alimkuta Bwana Harusi amejikunja pembeni, analamba kitu. Kilikuwa kitoto chenye manyoya kamili na macho wazi. Hakikutikisika. Shangazi akaketi palepale kwenye majani makavu.

Daktari alikuja mbio. Akamgeuza huyu, akamgeuza yule, akarudia tena, jasho likimtoka. Dume la sange huficha korodani tumboni, na siku ile ya kwanza yeye alikuwa na haraka. Jike alimwandika dume, dume akamwandika jike. Miezi yote hiyo walikuwa wakimshindilia baba minyoo.

"Kilizaliwa hai?" Shangazi aliuliza.

Daktari alikichunguza, akajibu kwa sauti ya chini kwamba kilipumua, labda saa moja hivi. Kisha akambonyeza mama wa kitoto taratibu. Chuchu zilikuwa kavu. Akaanza kueleza kuwa kosa ni lake, kwamba ataandika ripoti, lakini Shangazi hakuwa akimsikiliza.

"Alikuwa ananiomba," alisema. "Kila siku ananiomba chakula, mimi namwita mvivu."

Alinyoosha mkono akichukue kile kitoto. Mama akakivutia kifuani, akampa mgongo.