Hesabu Aliyoiacha Gentrix

Gentrix alipofariki kwa malaria, aliacha abakasi yake, fremu ya shanga za kuhesabia, mezani ikiwa na hesabu ambayo hakuimaliza. Mama yake, Navalayo, hakuruhusu mtu aiguse. Waombolezaji walipokuwa wakipisha nafasi ya jeneza, aliibeba ile meza mwenyewe hadi chumbani, taratibu, kama mtu abebaye karai lililojaa maji pomoni.

Binti huyo alizaliwa haoni. Shanga hizo ndizo zilizokuwa kalamu na karatasi yake, na chini yake palibandikwa mpira ili zisiteleze ovyo. Ndiyo maana Navalayo alishtuka alipoanza kuzisikia. Alasiri, akiwa jikoni anachambua mboga, ziligonga chumbani: ta, ta-ta, kisha kimya, kama mtu anayefikiri. Kila alipokimbilia mlangoni, alizikuta zimetulia palepale. Mumewe, Wandera, alisema ni panya. Navalayo hakubishana naye, ila usingizi ulimruka tangu hapo.

Mwishowe alimwendea Mwalimu Osiako, kipofu pia, aliyemfundisha Gentrix katika shule ya Malinya, akamwomba amfundishe kuisoma ile hesabu. Mwalimu alikubali, lakini akamweleza kwamba kila somo huanza kwa kufuta shanga zote, kuzirudisha kwenye sifuri. Navalayo akakataa katakata. Basi mwalimu akampa abakasi nyingine na kumwambia ajifunge leso machoni, maana vidole huzembea macho yakiwa wazi.

Akajifunza kwamba ushanga wa juu ya ufito unaoigawa fremu ni tano, na kila wa chini ni moja. Ukiwa na tatu na unataka kuongeza nne, za chini hazitoshi. Unashusha tano, unatoa moja. Mwanzoni alikosea hata akatamani kuacha. Kisha vidole vikapata mwendo wao, mwendo ambao hakukumbuka kufundishwa.

Siku moja mwalimu alikuwa akisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Polepole, Gentrix," akasema. "Umeruka safu."

Mikono ya Navalayo ikaganda. Mwalimu akaomba radhi. Lakini alisema hakuchanganyikiwa, ule mgongano wa shanga aliujua. Gentrix alikuwa na desturi ya kugonga fremu kabla ya kila namba, na hakuna mwanafunzi mwingine aliyefanya hivyo. Navalayo hakuwahi kuambiwa habari hiyo, lakini ndivyo vidole vyake vilivyokuwa vikifanya.

Hakuifungua leso. Aliogopa kuliona lile darasa likiwa tupu.

"Endelea kumwita, Mwalimu," akasema. "Mpaka somo liishe."

Aliporudi nyumbani alienda moja kwa moja mezani, akafumba macho, akaisoma ile hesabu kwa ncha za vidole. Ilikuwa kujumlisha tu, zoezi la shule lililokatika njiani. Namba iliyobaki kuongezwa, Gentrix alikuwa ameondoka nayo.

Wandera alisimama mlangoni, akamuuliza inasemaje.

"Haisemi kitu," akajibu. "Alikuwa anasoma tu, Baba Gentrix. Mtoto alikuwa anasoma."

Hapo ndipo alipolia. Machozi yalipopungua alimwita mumewe karibu, akamshika mkono, akauweka juu ya shanga ili wazifute pamoja. Wandera aliusukuma ushanga mmoja, kisha akaurudisha mkono wake ghafla.

"Zina joto," akasema.

Navalayo alimwambia anajua. Akaushika tena mkono wa mumewe, wakaendelea, safu baada ya safu.